Kabla Mkubwa Hajafika

Mzee Augustin Kyungu alikata roho Jumanne saa tatu asubuhi, juu ya kitanda chake mwenyewe, mtaa wa Kataki, mjini Kalemie. Kufikia saa nne wanaume wa ukoo walikuwa wamekwisha kukutana nyuma ya nyumba na kukubaliana jambo moja: Prospère asiambiwe. Prospère ndiye mzaliwa wa kwanza, na alikuwa Manono, siku mbili au tatu kwa pikipiki kutegemea barabara. Mzaliwa wa kwanza hapokei kifo cha baba yake njiani. Huitwa kwa ugonjwa: mzee amezidiwa, njoo upesi. Akifika huingizwa ndani, huketishwa chini kwenye mkeka, na mdogo wa marehemu humtamkia habari kwa kinywa chake mwenyewe. Kabla ya hapo jirani anaweza kulia, lakini redio haitangazi, kanisa halitangazi, na hakuna simu ya kifo inayotoka nje ya Kalemie.

Maricel hakuwa nyuma ya nyumba. Alikuwa jikoni akichemsha maji ya kumwoshea mkwewe. Yeye ni mke wa Télesphore, mtoto wa tatu wa mzee, na kwao ni Iloilo, Ufilipino. Walikutana Dubai, wakaoana, na huu ulikuwa mwaka wake wa sita Kalemie. Kiswahili alikijua vya kutosha kugombana na wauza mkaa. Barabarani bado aliitwa Muchina. Nyumbani aliitwa Mama Glodie, kwa jina la bintiye, na hilo alilipenda.

Maji yalipochemka, wifi yake Éliane aliingia na kuichukua sufuria mikononi mwake.

"Acha, Mama Glodie. Hii si kazi ya mugeni."

"Mimi si mgeni, Éliane."

"Najua. Kamata basi Glodie, usimwache aingie."

Maricel alimshika mtoto, akasimama ukumbini. Kifo hiki kilikuwa cha kwanza kumkuta ndani ya lupango huu, yaani ua wa nyumba ya ukoo, na hakujua asimame wapi. Alipika, akafagia, akatandika mikeka, akapanga viti vya kanisa vilivyoletwa kwa mkokoteni. Kila alipomaliza jambo, mtu alikuja nyuma yake akalirekebisha kidogo.

Saa nane mzee alikuwa tayari. Walimlaza sebuleni akiwa na suti ya kijivu aliyoshonewa alipostaafu kazi ya reli, mikono imekutanishwa kifuani. Mkewe, Mama Hélène, alikaa chini pembeni yake, kitambaa kimefungwa kichwani, miguu imenyooshwa. Jioni gari lingekuja kumpeleka mzee kwenye nyumba ya maiti kumsubiri Prospère. Maricel alipiga magoti karibu na mama mkwe.

"Mama, ninaweza kupiga picha?"

Mama Hélène hakuinua macho. "Piga."

Alipiga picha tatu. Akachagua moja ambayo uso wa mzee ulikuwa umetulia na mkono wa Mama Hélène ulionekana ukingoni mwa kitanda.

Huko Iloilo marehemu hupigwa picha. Ndugu hujipanga kuzunguka jeneza, wakubwa nyuma, watoto mbele, na picha hupelekwa kwa kila aliye ng'ambo, maana karibu kila nyumba ina mtu ng'ambo. Kumzika mtu bila kumtumia aliye mbali picha ni kama kumzika kwa kumficha. Baba yake Maricel alikufa miaka mitatu nyuma, na tiketi ya ndege haikupatikana. Dada yake Nenita alimtumia picha arobaini na moja. Maricel alimzika baba yake kwa kuzitazama, moja baada ya nyingine, ameketi kwenye ngazi za mlango huu huu. Mzee Kyungu alikuwa amekuja akakaa naye ngazini, akatazama zote, na mwisho akasema, "Walimupanga muzuri."

Saa kumi na moja jioni aliiweka picha kwenye ukurasa wake wa mtandaoni. Chini yake akaandika maneno machache kwa lugha ya kwao: kwamba mzee huyu alimwita binti tangu siku ya kwanza, na kwamba alimfundisha kula bukari, ugali wa huku, kwa mkono bila kuunguza vidole.

Ukurasa wenyewe aliuita Balay sa Baybay, yaani nyumba ya ufukweni. Aliuanza mwezi wa pili baada ya kufika, na sasa ulikuwa na maandishi mia nne na kumi na mawili: namna ya kupata siki kwa ndizi mbivu, ndakala, dagaa wa Tanganyika, wanavyokaribiana na samaki wakavu wa kwao, na wanavyotofautiana, siku ziwa lilipopanda na kumeza nyumba za jirani, siku Glodie alipovaa sare ya shule. Wasomaji wake walikuwa kama elfu tisa, wengi wanawake wa Kifilipino walioolewa au kuajiriwa mbali. Matangazo yalimlipia mega za intaneti na chenji kidogo. Lakini msomaji aliyemwandikia hasa ni mama yake, mwenye miaka sabini na minane, ambaye macho yalikuwa yamekwisha. Kila Jumapili baada ya misa Nenita alimsomea kwa sauti.

*

Prospère alikuwa na binti, Sonia, anayesoma Lubumbashi. Sonia aliufuata ukurasa wa Maricel, mke wa baba yake mdogo, kwa sababu ya picha za Glodie. Maandishi yenyewe hakuyaelewa. Jumatano asubuhi alifungua simu akamwona babu yake, Kambo kama alivyomwita, amelazwa, mikono kifuani. Kwa picha ile hakuhitaji kuelewa lugha yoyote. Akalia, kisha akafanya lile ambalo mtoto mwenye adabu hulifanya: akampigia baba yake kumpa pole.

Simu ya baba yake haikupatikana mpaka saa tisa, pikipiki ilipofika Nyunzu, kwenye mtandao.

Habari ya yaliyotokea Nyunzu ilifika Kalemie kabla ya Prospère mwenyewe. Éliane aliipokea kwenye simu, akasikiliza akiwa amesimama, akairudisha simu mfukoni polepole. Kisha alimwendea Maricel aliyekuwa akiosha sahani.

"Uliweka picha ya Papa kwa mutandao?"

"Ndiyo. Jana."

"Mama Glodie." Éliane alikaa chini palepale, kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Mama Glodie, umetuua."

Ndipo kwa mara ya kwanza mtu alimweleza. Maricel alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikidondosha povu. Alikausha mikono, akachukua simu, akaifuta ile picha. Ilikwisha kuonwa na watu elfu sita.

"Hakuna aliyeniambia," alisema.

"Kila muntu aliambiwa."

"Na nani?"

Éliane aliinuka kwenye ndoo. "Osha sahani kwanza," alisema.

*

Prospère alifika Alhamisi saa kumi, mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu. Wanawake walianza kulia walipomwona, kama inavyotakiwa. Yeye alishuka kwenye pikipiki, akamlipa dereva, akatazama mlango wa lupango, na hakuingia. Alivuta dumu tupu la njano lililokuwa ukutani, akalikalia barabarani.

Papa Ruben, mdogo wa marehemu, alitoka kumwendea mtoto huyo wa kaka yake.

"Ingia, mutoto ya yaya yangu. Mukeka umetandikwa."

"Mukeka ya nini, Papa? Ya kuniambia kitu gani? Kila muntu wa Nyunzu anajua."

"Ingia, tutasemea ndani."

"Miye nasimama kwa wauza mazuti," Prospère alisema, na aliisema kwa sauti ya kusikika na majirani, "mutoto yangu anapiga simu analia: Papa, pole kwa kifo ya Kambo. Namwambia kifo gani? Kambo anagonjwa tu. Ananiambia, Papa, nimemuona na suti. Nilianguka, Papa Ruben. Mbele ya watu wenye sijui hata jina. Mwanamuke mumoja wa kuuza maandazi njo alinimwangia maji ku kichwa. Miye, mukubwa ya Kyungu. Maji ya kuosha vikombe."

Mtu mmoja kati ya waliosimama akacheka kidogo, akajikohoza.

"Sitaingia," alisema Prospère. "Mulete kwanza mwenye alitangaza."

Mama Hélène alitoka mwenyewe, ameshikwa na binti zake huku na huku, akasimama mbele ya mwanawe. Prospère aliinama, akaigusa miguu ya mama, akarudi kukaa juu ya dumu. Walimletea chakula akakikataa, wakamletea maji akanawa uso tu. Kwenye nyumba ya maiti mashine ya baridi iliendeshwa kwa mazuti, yaani dizeli, na mazuti yalinunuliwa na familia, lita kwa lita. Mchungaji alikuwa amepanga maziko Ijumaa saa nane, na Jumamosi alikuwa na arusi mbili.

*

Kikao kiliitwa Ijumaa asubuhi, palepale mlangoni, chini ya turubai, ili Prospère asilazimike kuingia. Wanaume walikaa kwenye viti. Maricel alikaa kwenye mkeka peke yake, katikati. Télesphore alikaa upande wa ndugu zake, mkono wa kushoto wa Papa Ruben, akitazama vidole vyake.

Tangu Jumatano alikuwa amemwambia mkewe maneno machache sana. Alikuwa mbioni: seremala, kaburi, karatasi za ofisi ya mtaa. Maricel alimwuliza mara moja, "Nani alitakiwa kuniambia?" naye alijibu kwamba huu si wakati wake.

Papa Ruben alianza bila ukali. Alikuwa karani wa bandari miaka ishirini na tisa na alipenda mambo yafuate utaratibu.

"Mama Glodie, picha njo ulipiga weye?"

"Ndiyo, Papa."

"Nani alikuruhusu?"

Mama Hélène ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni: "Miye nilimuruhusu kupiga. Nilizani ni ya kuweka. Sikumuruhusu kupeleka."

"Sawa, Mama. Sasa Mama Glodie, ulijua mukubwa bado hajafika?"

"Nilijua hajafika. Sikujua haambiwi."

Palitokea minong'ono. Prospère, kutoka kwenye dumu lake, akasema, "Hakujua! Miaka sita anakula bukari yetu."

"Pole, tunaenda polepole," alisema Papa Ruben. "Jumanne, nyuma ya nyumba, nilisema: kila muntu aambie wa nyumba yake. Nilisema ao sikusema?"

"Ulisema," wanaume walijibu.

"Télesphore. Weye nilikukamata mukono, nikakuambia tena, juu bibi yako ana ile kazi yake ya mutandao. Ni kweli?"

"Ni kweli, Papa."

"Ulimwambia?"

Télesphore alinyanyua kichwa. Hakumtazama mkewe. Alimtazama kaka yake juu ya dumu.

"Nilimwambia."

Maricel alisikia lile neno likipita, fupi, la kawaida, kama mtu anayekubali kuwa leo ni Ijumaa. Papa Ruben aligeuka kwake.

"Mama Glodie. Mume wako anasema alikuambia. Alikuambia, ao hakukuambia?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Maricel aliliona na akaona kinachofuata, kimoja kimoja. Prospère angemgeukia Télesphore. Télesphore angekuwa mtoto aliyekabidhiwa sentensi moja tu siku ya kifo cha baba yake, akaiangusha, kisha akadanganya huku maiti ikisubiri. Kikao kingeanza upya. Maziko yasingekuwepo saa nane, wala kesho. Na yeye angebaki kuwa mwanamke wa kigeni aliyemwita mumewe mwongo mbele ya ukoo wake. Kwa kosa la picha angetozwa. Kwa hilo la pili angehesabiwa kosa kila siku katika nyumba hii, na Glodie pamoja naye.

"Aliniambia," alisema.

"Na bado ukafanya."

"Ndiyo. Nisameheni."

Télesphore alirudi kutazama vidole vyake.

Hukumu haikuchukua muda. Mbuzi mmoja na vitenge viwili, kwa Prospère. Hapo kikao kingeisha, lakini Prospère hakutoka kwenye dumu.

"Mbuzi ni ya desturi, nashukuru," alisema. "Lakini ile mashini bado iko. Leo ni baba. Kesho nitakufa miye, nitawekwa humo. Mama akioga ataonekana. Nataka iondoke."

"Picha nilishafuta, Shemeji," alisema Maricel.

"Si picha. Yote."

"Yote ni miaka sita. Mama yangu…"

"Na mama yangu njo huyu hapa."

Maricel alimtazama mama mkwe. Mama Hélène alikuwa ameegemea mlango, macho ameyafumba. Akatazama viti, akaona kwamba hakuna hata mmoja aliyeona ni kitu kikubwa. Kwao ilikuwa kama kumwomba mtu azime redio.

Éliane aliambiwa akae karibu naye ahakikishe, kwa kuwa ndiye anayejua simu. Maricel aliufungua ukurasa. Alibonyeza hapa, akaulizwa nywila, akaiandika. Akaulizwa kama anataka kuhifadhi nakala kwanza. Nakala ilihitaji mega elfu nne na ushee. Kwenye simu zilibaki mia moja na sitini.

"Inangojea nini?" aliuliza Papa Ruben.

"Inauliza kama niweke akiba."

"Iko na namna?"

"Hakuna mega."

Éliane alivuta kanga mabegani. Alisema kwa sauti ya chini, "Hata zile za Glodie? Za siku ya masomo?"

"Ziko humo humo."

"Yaya Prospère," Éliane alimwita kaka yake, "kuna za mutoto…"

"Yote," alisema Prospère.

Maricel alibonyeza. Simu ikamwuliza mara ya pili kama ana hakika. Kigurudumu kikazunguka kwa muda mrefu, maana mtandao wa Kataki asubuhi ni mzito, na watu wazima kumi na wanne walikaa chini ya turubai wakikisubiri. Kisha ukaja ukurasa mweupe.

"Imeisha," alisema Éliane.

Papa Ruben alinyoosha shingo. "Inaenda wapi sasa?"

"Haiendi popote, Papa. Haiko tena."

"Haina hata majivu?" Alitikisa kichwa. "Kazi ya miaka sita."

Prospère alisimama, akakung'uta suruali, akaingia ndani ya lupango, akakaa juu ya mkeka. Papa Ruben akakaa mbele yake na kumwambia, kwa utaratibu na kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba baba yake amefariki. Prospère akapiga ukelele mkubwa, na wanawake wakaupokea. Saa nane mzee alizikwa.

*

Wageni walitawanyika Jumapili. Maricel alikuwa kwenye ngazi akichagua mawe katika mchele wakati Télesphore alipokuja kukaa, ngazi moja chini yake. Ndevu zilikuwa zimemwota. Mawe madogo yalikuwa yakidondoka kwenye kifuniko.

"Nilikuja kukuambia," alisema. "Jumanne. Nilikukuta unachemsha maji na unalia. Nikasema nitamwambia akishamaliza. Kisha seremala akapiga simu."

"Ulisema uliniambia."

"Ulitaka niseme nini mbele ya Yaya?"

"Ulitaka mimi niseme nini?"

Télesphore alijikuna ndevu. Akasema, "Utaanza ingine. Kidogo kidogo. Yaya akisharudi Manono, hakuna mwenye atajua."

"Nitaandika nini humo?"

"Kama zamani. Chakula. Mutoto."

Maricel aliendelea kuchagua. Alikuwa amefika chini ya ungo, mahali mchele na mawe hufanana zaidi, na alihitaji mwanga. "Umekaa kwenye jua langu," alisema. Télesphore akasogea. Kisha akainuka, akaenda kuhesabu viti vya kanisa kabla havijarudishwa.

Simu ililia. Alikuwa Nenita. Huko Iloilo ilikuwa tayari jioni.

"Kuna nini?" Nenita alianza. "Nimekuwa nikiufungua ukurasa wako tangu asubuhi, naambiwa hakuna kitu kama hicho. Watu wananiandikia. Wako wanaosema mumeo anakupiga. Mwingine wa Milano ameshakuombea misa."

"Niliufunga mwenyewe, Manang," alisema Maricel, akimwita kwa jina la heshima la dada mkubwa. "Nilichoka."

"Ulichoka? Juzi tu uliandika."

"Nilichoka baada ya hapo."

Nenita alilipima hilo. Alikuwa mwalimu, na alijua sauti ya mtu anayekariri. "Sawa," alisema. "Mama yuko hapa. Amekaa tangu misa, ananisubiri nisome. Ngoja niweke sauti kubwa, nimpe uongee naye."

Simu ilibadilisha mikono. Maricel alisikia kiti cha mianzi kikilia, na pumzi ya mama yake, karibu mno na simu.

"Mlikula nini huko?" mama aliuliza. Ndivyo maandishi yote yalivyoanza, kwa chakula. Mama aliyazoea hivyo.

"Tumekula wali, Mama. Na ndakala. Niliwakaanga na siki."

"Siki yako ya ndizi?"

"Ndiyo. Safari hii imekuwa kali kidogo. Glodie alikunja uso, akanywa maji vikombe viwili."

Hawakuwa wamekula ndakala. Siku tano walikuwa wamekula bukari na maharage ya kilio, na siki ilikuwa imemwagwa na mtu aliyehitaji chupa. Maricel aliendelea: namna mafuta yalivyolia, rangi ya samaki, ziwa lilivyokuwa asubuhi. Mama alisikiliza bila kumkatiza.

"Ni vizuri," alisema alipomaliza. Kisha, kwa upole, kama mtu asiyetaka kumkosea mgeni: "Lakini Nenita akikusoma, unachekesha zaidi."

"Ndiyo, Mama."

"Mwambie Nenita asome, basi. Wewe pumzika."

Kiti cha mianzi kililia tena. Kwa mbali Maricel alimsikia mama yake akimrudishia Nenita simu na kumwambia aanze, na Nenita akisafisha koo. Kisha sauti ya dada yake ikaanza kusoma, kama vile ukurasa ungalipo mbele yake, polepole, sentensi moja baada ya nyingine, habari za wali na ndakala na siki iliyokuwa kali. Mama akacheka mahali pa vikombe viwili vya maji. Maricel aliishikilia simu sikioni mpaka salio la Nenita lilipokwisha.